Masimulizi na Usikivu katika Mafunzo ya Watumishi: Somo la Historia kutoka Unyiha

Utangulizi

Kila mchungaji aliyewahi kuongoza semina ya wainjilisti anaijua saa ya mchana. Asubuhi watu wameimba, wameomba na kuandika kwa bidii. Baada ya chakula macho hulegea, kalamu hudondoka, na mwalimu hubaki akizungumza na ubao. Dawa inayotajwa siku hizi ni moja: wasimulie hadithi. Dawa hiyo ni njema, lakini jinsi inavyotolewa mara nyingi hufanana na sukari inayotiwa katika kwinini. Hadithi huletwa ili kuwaamsha waliosinzia. Wakiisha kuamka huwekwa kando, na somo linalohesabiwa kuwa ndilo somo halisi huendelea pale lilipokomea.

Katika makala hii ninakusudia kuchunguza dawa hiyo kwa njia ya historia. Mahali ninapopatazama zaidi ni Unyiha, nchi ya vilima na mibuni inayozunguka Ihanda na Vwawa katika Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, ambayo tangu mwaka 2016 ni sehemu ya Mkoa wa Songwe. Habari nyingi nitakazozieleza ni za ndugu zetu wa Kanisa la Moravian, kwa kuwa ndio waliotangulia huko. Msomaji Mlutheri asione ajabu. Wamishonari wa Berlin na wale wa Herrnhut walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka mmoja, 1891, wakagawana nchi kama majirani wanavyogawana shamba. Yaliyotendeka upande wa pili wa mpaka ule yanatuhusu sisi pia, hasa kwa kuwa huko walibaki na kumbukumbu ambazo upande wetu hatukuziandika kwa wingi.

Unyiha na wageni wake

Wanyiha walijulikana na majirani zao kwa ufuaji wa chuma. Matanuri yao marefu ya udongo yaliyeyusha mawe ya chuma muda mrefu kabla ya majembe ya Ulaya kuletwa dukani, na ujuzi huo ulipita kutoka kwa mzee hadi kwa kijana bila kitabu. Katika wilaya hiyo hiyo, kwenye miteremko ya kilima cha Marengi, kuna kipande kingine cha chuma ambacho hakuna mhunzi aliyekifua: kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wageni walikijua mnamo mwaka 1930. Walioandika habari zake wanasema hawakukuta ngano yoyote ya kale kukihusu. Mimi sishawishiki sana na neno hilo. Jambo ambalo mgeni hakusimuliwa si lazima liwe halisimuliwi. Na mtu anayefika na kamba ya kupimia hupewa vipimo.

Hilo la kwamba simulizi humfuata msikilizaji wake linaonekana vizuri katika maisha ya Traugott Bachmann. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1865, akafika Nyasa mwaka 1892, na mwaka 1899 akaanzisha kituo cha Mbozi katika Unyiha. Mwanzoni alikuwa mtu wa maneno makali juu ya mila za watu, kama walivyokuwa wengi wa wakati wake. Kadiri miaka ilivyokwenda alianza kuziheshimu mila nyingi alizozipinga, na hata suala gumu la ubatizo wa wanaume wenye wake wengi alilitazama upya, akawatia wasiwasi baadhi ya wenzake. Waandishi wa historia ya misheni wameeleza mabadiliko yake kwa namna mbalimbali. Kwa maoni yangu sababu moja hairukwi: alikaa muda mrefu akisikiliza. Agano Jipya kwa Kinyiha lilichapishwa mwaka 1913. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ngano za Kinyiha alizozikusanya zilichapishwa katika jarida la Kijerumani la lugha za makoloni. Anayetafsiri Injili hulazimika kumwuliza mwenye lugha, "Hili mnalisemaje?" Anayekusanya ngano hulazimika kunyamaza mpaka mwisho. Nadhani shule hizi mbili zilimfundisha Bachmann zaidi ya zile alizozisoma kwao.

Lakini hapa pana hasara ambayo hatuna budi kuitaja. Ngano iliyosimuliwa jioni ilikuwa na waitikiaji. Watoto waliimba kiitikio, mzee alikatizwa kwa swali, na mwishoni watu walibishana kama sungura alitenda haki. Ilipoingia katika jarida la wataalamu wa lugha ikawa mfano wa sarufi. Walioisoma huko walijifunza ngeli za Kinyiha. Jambo ambalo ngano ilikusudiwa kufundisha halikusafiri nayo.

Mapokeo mawili yanakutana

Wamoravian walikuja na desturi yao wenyewe ya kusimulia, ambayo Walutheri wengi hatuijui. Tangu karne ya 18, katika jumuiya ya Herrnhut iliyoanzishwa na wakimbizi mwaka 1722 kwenye ardhi ya Kaunti Zinzendorf, kila mshiriki alitazamiwa kuandika habari za maisha yake, au kumsimulia mwingine aziandike, na habari hizo zilisomwa siku ya maziko yake. Mkulima, mjakazi na mwalimu, wote walikuwa na wasifu wao. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa Herrnhut hadi leo. Haikuwa desturi ya kumsifu marehemu. Mhusika alieleza mwenyewe alikotoka, alikopotea, ni nani aliyemshika mkono, na jinsi Mwokozi alivyomtafuta. Waliosikiliza kaburini walifundishwa theologia ya neema kwa njia ya maisha ya jirani waliyemfahamu, ambaye kasoro zake pia walizifahamu.

Desturi hii ilipofika nyanda za juu za kusini ilikuta watu ambao karne ya 19 ilikuwa imewapa mambo mazito ya kusimulia. Uvamizi wa Wabemba kutoka magharibi na biashara ya watumwa vilikuwa vimezitawanya jamaa nyingi. Waliofika kwenye vituo vya misheni mara nyingi walikuwa watu waliopoteza ukoo: wajane, watoto waliotekwa, watu waliotolewa kuwa rehani ya deni. Huko Utengule, karibu na Mbeya, kituo kilichoanzishwa mwaka 1895, Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmishonari, alikaa na watu wa namna hiyo akaandika waliyomwambia. Kazi yake kubwa juu ya Wasafwa ilitoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1926 na 1929. Pamoja nayo aliacha masimulizi ya maisha ya watu mmoja mmoja: Bibi Narwimba, mjane aliyejitahidi kwa kila njia kuwalinda watoto na wajukuu wake wasifanywe watumwa, na Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto akapitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Miongoni mwao yumo Mnyiha mmoja, Msatulwa Mwachitete. Alizaliwa katika nyumba ya kitemi, akatekwa katika nyakati zile za vita, akaonja maisha ya mateka mbali na kwao, akarudi, na baadaye akawa Mkristo na mwalimu. Simulizi yake ilichapishwa London kwa Kiingereza mwaka 1932, ikiwa na jina linalozungumzia njia alizozikanyaga. Katika anwani ya kitabu hicho hatambulishwi kama mtumwa wa zamani wala kama mwana wa mtemi. Anatambulishwa kama mwalimu wa Tanganyika. Jambo hilo dogo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwa maana tukiuliza mwalimu wa namna hiyo alikuwa na zana gani za kufundishia, jibu linakuwa fupi: kitabu cha kusomea, sehemu za Maandiko, nyimbo, na maisha yake mwenyewe. Mwanahistoria Marcia Wright, aliyeyachapa upya na kuyachambua masimulizi haya katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mikakati ya watumwa na wanawake, anatuonya tuyasome kwa uangalifu. Yalisimuliwa mbele ya mke wa mmishonari, yakapangwa na mkono wake, yakapita katika Kijerumani na Kiingereza. Msimulizi alijua nani anamsikiliza. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo katika masimulizi haya mna mambo ambayo mhariri asingeyabuni: majina ya watu waliosaidia na waliosaliti, mazungumzo ya kuombea maisha, hesabu ya nani alikuwa na haki ya kumdai nani. Humo msikilizaji haambiwi kwa jumla kwamba utumwa ni mbaya. Anapelekwa mpaka mahali ambapo mwanamke analazimika kuchagua akimbie na mtoto yupi.

Naomba msomaji aone tofauti hiyo, maana hapo ndipo ilipo siri ya usikivu. Mtu aliyesikia masimulizi hayo hawezi kusinzia. Habari zenyewe zinasisimua, hilo ni kweli. Lakini la zaidi ni kwamba zinamtwika kazi. Anajiuliza: mimi ningefanyaje? Alikosea? Mungu alikuwa wapi? Maswali hayo ndiyo somo la uumbaji, la dhambi na la ukombozi, na mwalimu haongezi juu yake hotuba nyingine ndipo somo lianze.

Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia, wamishonari wa Kijerumani waliondolewa. Waskoti wa Livingstonia walitoa usimamizi kwa mbali, na Wamoravian wa Ulaya hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kwa muda wa karibu miaka 10 mzigo wa kufundisha ulibaki juu ya walimu wenyeji. Hazikuwa nyakati tulivu: kulikuwa na njaa na magonjwa yaliyofuata vita, na wahubiri wa Watch Tower walivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na ujumbe wa moto juu ya mwisho wa dunia. Makutaniko hayakufa. Sidai kwamba masimulizi peke yake yaliyaokoa. Nyimbo, nidhamu ya wazee na Agano Jipya la mwaka 1913 vilikuwa na sehemu yake, na juu ya yote ni kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini mwalimu asiye na maktaba, asiye na mshahara wa uhakika na asiye na mkaguzi hufundisha kwa kile alichokibeba kichwani na moyoni. Muhtasari wa pointi saba haubebeki kwa miaka 10. Mfano wa mwana mpotevu hubebeka.

Upande wetu: Kilimanjaro na Coburg

Asije mtu akasema hayo ni ya Wamoravian. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1966, alifanya kazi Kilimanjaro kuanzia mwaka 1902 hadi 1938, sehemu kubwa akiwa Old Moshi. Kati ya mwaka 1932 na 1938 alichapa juzuu tatu za mafundisho waliyopewa vijana wa Kichagga walipoingizwa katika utu uzima. Humo ameeleza matumizi ya mregho, fimbo iliyochongwa alama. Mwalimu aliishika mbele ya vijana, na kila alama ilikuwa na fundisho lake, lenye wimbo, picha na maelezo, kwa utaratibu usiobadilishwa ovyo. Fimbo ile isingemsaidia mtu asiyeyajua mafundisho yenyewe. Haikuwa na maandishi ya kusoma. Ilimkumbusha mwalimu afuate njia, na ikawapa wanafunzi kitu cha kukazia macho.

Gutmann alijaribu kuichukua hekima hiyo kanisani. Aliwapanga vijana wa Kipaimara katika vikundi vidogo vya kusaidiana ambavyo aliviita kwa jina la ngao, akifuata mfano wa askari wa zamani wa Kichagga. Amelaumiwa, na sehemu ya lawama ni ya haki: aliipenda jamii ya kale kuliko vijana wenyewe walivyoipenda, nao walitaka shule, Kiingereza na bei nzuri ya kahawa. Lakini wengi wanaomlaumu huendelea kufundisha Kipaimara kwa kukaririsha, jambo ambalo wazee wa mregho wangeliona kuwa uvivu.

Nasi tunakaririsha kwa jina la Luther! Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 imefanywa kuwa maneno ya kumezwa, ingawa kila sehemu yake inauliza maana yake ni nini, na swali hilo liliwekwa ili nyumbani watu wazungumze. Mwaka uliofuata, 1530, Luther alikuwa amejificha katika ngome ya Coburg wakati wenzake wakiitetea imani mbele ya mfalme kule Augsburg. Siku zile alikuwa na mengi ya kufanya. Moja aliloliona linafaa ni kuanza kutafsiri ngano za Aisopo kwa Kijerumani cha watu. Alimaliza 13 tu, nazo zilichapishwa mwaka 1557 baada ya kifo chake. Katika utangulizi wake alieleza kwamba ukweli ukisemwa wazi huchukiwa, na kwa sababu hiyo wenye hekima waliuvika ngozi ya wanyama ili watu wausikie bila kujua kwamba wameusikia. Mtu huyu huyu ndiye tunayemtumia kutetea ukavu wa madarasa yetu.

Bila shaka alijifunza hilo katika Maandiko. Nathani hakumfundisha Daudi sheria ya uzinzi na uuaji, Daudi aliijua. Alimsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake, akamwachia mfalme kazi ya kutoa hukumu (2 Sam. 12). Marko anashuhudia kwamba Bwana wetu alisema na makutano kwa mifano kwa kadiri walivyoweza kusikia (Mk. 4:33). Yule mwanasheria aliyeuliza jirani yangu ni nani alirudishiwa swali, akalijibu mwenyewe (Lk. 10:36-37).

Simulizi inapodhuru

Sasa nirudi kwenye sukari na kwinini. Wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili, na matokeo yao hayaelekei upande mmoja. Mwaka 1969 Gordon Bower na Michal Clark huko Marekani waliwapa wanafunzi orodha 12 za maneno, kila moja yenye maneno 10. Waliounganisha maneno ya kila orodha katika kisa walichokitunga wenyewe walikumbuka baadaye maneno 93 katika kila 100. Waliojifunza kwa njia yao ya kawaida walikumbuka 13. Tofauti hii ni kubwa mno, nayo hunukuliwa na kila mtu anayetetea hadithi. Wachache huongeza kwamba visa hivyo vilitungwa na wanafunzi, mwalimu hakuwatungia.

Mwaka 1998 Shannon Harp na Richard Mayer walichunguza kinyume chake. Waliwapa wanafunzi somo la jinsi radi inavyotokea, na katika nakala nyingine wakachanganya habari za kusisimua kuhusu radi ambazo hazikuwa sehemu ya maelezo yenyewe. Waliosoma nakala yenye vionjo walielewa na kukumbuka maelezo ya msingi kidogo kuliko wenzao. Vionjo vilikuwa vimewaelekeza kwenye jambo jingine. Mhubiri anayeanza kwa kichekesho kuhusu mlevi na punda, kisha akaingia katika Warumi sura ya 3, anajua matokeo haya bila utafiti: Jumatatu washarika wanamkumbuka punda.

Tena Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, mwaka ule ule wa simulizi ya Msatulwa, alionyesha kwamba watu wanaporudia hadithi ya kigeni huondoa yale wasiyoyaelewa na kutia ya kwao. Ndiyo maana hadithi zinazoletwa na vitabu vya mafunzo kutoka nchi za theluji hufika vijijini zikiwa zimegeuka. Hilo si kosa la wasikilizaji. Ndivyo akili inavyofanya kazi, na mwalimu mwenye busara huwapa watu nafasi ya kusimulia tena ili asikie wamelitengeneza nini.

Niliona jambo hili Ihanda, katika semina ya wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili, mchana wa mvua ambapo bati la kanisa lilikuwa likivuma kiasi kwamba mtu wa benchi la nyuma hakusikia. Somo lilikuwa toba. Niliacha maandalio, nikawaomba wasogee karibu, nikawasimulia ya Nathani, kisha nikaomba mmoja aisimulie tena. Mama mmoja mtu mzima aliifikisha vizuri mpaka mahali ambapo tajiri anamchukua mwana-kondoo. Hapo mzee wa kanisa alimkatiza kwa upole: "Mama, umemsahau mgeni. Tajiri alikuwa na mgeni." Ni kweli, imeandikwa kwamba msafiri alimfikia yule tajiri. Ndipo mjadala ukawaka. Kumchinjia mgeni ni heshima. Lakini tajiri huyu ametafuta heshima kwa mali ya maskini, na mgeni amelishwa dhuluma bila kujua. Kijana mmoja akauliza kama mgeni naye ana hatia. Mwingine akauliza kama michango yetu ya kumpokea askofu inapotozwa kwa wajane haifanani na jambo hilo. Kicheko kilikufa. Yule mama akasema, "Baba Mchungaji, sasa tumefika kwa Daudi." Katika vitabu vya ufafanuzi nilivyovisoma chuoni, msafiri yule alipewa mstari mmoja. Pale Ihanda alichukua saa nzima, na hakuna aliyesinzia, wala sikuhitaji kueleza toba ni nini.

Taifa letu nalo liliwahi kulijaribu jambo linalofanana na hilo kwa kiwango kikubwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kwamba historia ya kabila waliipata kwa kuwasikiliza wazee. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi kuzunguka redio. Vipindi vilikuwa vifupi. Nguvu ilikuwa katika mazungumzo yaliyofuata, na katika vyoo vilivyochimbwa baada ya mazungumzo. Wengi wa wazee wetu wa kanisa walipitia vikundi vile, na ni ajabu kwamba Kanisa halikujiuliza kwa nini watu wale wale waliosikiliza redio kwa makini walisinzia katika semina zetu.

Wasifu wa marehemu

Kuna mahali pamoja ambapo Mtanzania wa dhehebu lolote bado hutegwa sikio na simulizi ya maisha, nako ni msibani. Wasifu wa marehemu husomwa kabla ya mahubiri, na hata wavulana waliosimama chini ya mwembe hunyamaza. Lakini tazama tunachosoma. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata Kipaimara, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akaoa, akaugua, akafariki. Ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Ni fomu iliyojazwa. Hatusikii ni nani alimsamehe, ni wakati gani imani yake ilitikisika, wala kwa nini aliacha kazi ya mjini akarudi kulima Mbozi. Mchungaji anasimama baada ya hapo kuhubiri neema, naye hana kitu cha kushika mkononi. Mtu wa Herrnhut wa karne ya 18 angeshangaa, na nadhani Bibi Narwimba angeshangaa zaidi.

Hili ni jambo ambalo vyuo vyetu vinaweza kulishughulikia bila fedha za wafadhili. Katika mafunzo ya uchungaji mwanafunzi huandika mahubiri kadhaa na kazi za ufafanuzi wa Maandiko. Aongezewe kazi moja: akae na mshirika mmoja mzee wa usharika anaofanyia mazoezi, amsikilize kwa siku kadhaa, aandike maisha yake kwa maneno ya mzee mwenyewe, kisha amsomee mzee huyo na kukubali kusahihishwa. Ikiwezekana aandike kwa lugha ya nyumbani kwanza, iwe Kinyiha, Kinyakyusa au Kichagga, kabla ya kutafsiri kwa Kiswahili. Atakayefanya hivyo atajifunza kunyamaza, ambako ndiko kugumu zaidi kwa wanafunzi wa theologia, na wahadhiri wao hawako mbali nao.

Kuhusu Msatulwa Mwachitete, mimi niliisoma simulizi yake kwa Kiingereza, katika nakala ya maktaba ambayo haikuruhusiwa kutoka nje. Wainjilisti wa Ihanda, wanaofundisha watoto katika nchi ile ile aliyozaliwa, hawakuwa wamesikia jina lake nilipowauliza. Ngano alizozikusanya Bachmann ziko katika jarida la Kijerumani. Kuna wachungaji katika nyanda za juu za kusini wanaojua Kinyiha cha wazee, na wapo miongoni mwa wasomaji wa kurasa hizi wanaosoma Kijerumani. Watu wawili wa namna hiyo wakikaa meza moja kwa likizo mbili, masimulizi hayo yanaweza kurudi Mbozi.